Namna ya Kuwa Mjuzi wa Roki na Metali Bila Kusikiliza Wimbo Hata Mmoja

Kusikiliza muziki ni kazi ya watu wasio na nafasi ya kusoma. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, haifiki dakika arobaini tangu mvua na kengele za mwanzoni mpaka gitaa la mwisho. Kitabu cha maisha ya mwimbaji wake kinaweza kula wiki nzima. Mwenye akili ataona mara moja heshima iko upande gani.

Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kuusikia muziki wa roki wala metali. Unakufundisha kuuzungumzia. Umeandikwa kwa ajili ya anayeanza: yule aliyekwisha kununua fulana nyeusi yenye jina la bendi lililochorwa kama mizizi ya mkoko, akaivaa mpaka kijiweni, akaulizwa, "Kaka, hawa wanapiga nini hasa?" akajibu, "Wanapiga sana." Jibu hilo linafaa mara moja. Mara ya pili utahitaji vitabu.

Vyote nitakavyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ni faida. Pale kijiweni wachache watakuwa wamevigusa, na hao wachache huenda nao wamesoma kwa mtindo wako: jalada, picha za katikati, na ukurasa wa mwisho.

Hatua ya kwanza: Anza na dawa za kulevya, muziki utajileta wenyewe

Kitabu cha kufungulia ni The Dirt cha Mötley Crüe, bendi ya Los Angeles, walichokiandika pamoja na Neil Strauss kikatoka mwaka 2001. Wanabendi wanne wanapokezana kusimulia, na utamu wake ni kwamba hawapatani. Mmoja anaapa kwamba jambo lilikuwa hivi. Sura inayofuata mwenzake anakana. Wa tatu alikuwepo, ila hana habari. Kurasa za hoteli zilizovunjwa ni nyingi. Za wanawake ambao hawakupewa sura yao ya kujieleza ni nyingi zaidi. Za namna nyimbo zilivyotungwa, chukua tochi. Ndiyo maana kitabu kiliuzika mpaka kikatengenezewa filamu mwaka 2019.

Kuna mahali pamoja pa kupita haraka. Desemba 1984 mwimbaji wa bendi, Vince Neil, aliendesha gari akiwa amelewa, akagonga, na abiria wake akafa. Marehemu alikuwa Razzle, mpiga ngoma wa Hanoi Rocks, bendi iliyotoka Finland. Watu wawili wa gari jingine waliumia vibaya. Neil alikaa jela kwa siku zisizotimia mwezi. Ukizisoma kurasa hizo taratibu utaanza kujiuliza kicheko cha kurasa zilizotangulia kilikuwa cha nini, na anayeanza hatakiwi kujiuliza maswali ya aina hiyo.

Ukimaliza, nenda kwenye Hammer of the Gods, alichokiandika Stephen Davis mwaka 1985 juu ya Led Zeppelin. Sehemu kubwa ya umbea wake ilitoka kwa Richard Cole, aliyekuwa msimamizi wa ziara za bendi, na wanabendi waliokuwa hai walikilalamikia. Lisikusumbue hilo. Katika elimu yetu, kitabu kilichokanwa na wahusika kina thamani kuliko kilichoidhinishwa, maana kimekuja na ubishi wake ndani. Wewe ni kuufungua tu.

Hatua ya pili: Mwamini sana asiyekumbuka

Mwaka 2009 Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa Black Sabbath, alitoa I Am Ozzy, akisaidiwa na mwandishi wa habari Chris Ayres. Mapema kabisa anamwonya msomaji kwamba atakayoyasoma ndiyo yaliyosalia kichwani mwake, na kwamba wengine huenda wanayakumbuka kwa namna nyingine. Huo ni uungwana. Wastaafu wengi wa madarakani huandika tawasifu zao wakikumbuka mpaka rangi ya tai waliyovaa, na hawatoi onyo lolote.

Katika kitabu hiki utakutana na popo. Januari 1982, mjini Des Moines, Marekani, mtazamaji alirusha popo jukwaani. Ozzy anasema alidhani ni wa mpira, akamng'ata kichwa, na usiku huo ukaishia hospitali kwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Popo huyu umtaje katika kila mazungumzo. Usipomtaja wewe atamtaja mwingine, naye atakuwa amekuwahi. Ozzy aliimba kwa zaidi ya nusu karne, akawaaga mashabiki wake katika uwanja wa Villa Park mjini kwao Birmingham tarehe 5 Julai 2025, akafariki tarehe 22 ya mwezi uleule. Wewe shika popo.

Kitabu cha Keith Richards wa Rolling Stones, Life, alichokiandika na James Fox mwaka 2010, kinahitaji tahadhari zaidi. Kina kurasa zaidi ya mia tano na kwa sehemu kubwa ni salama: heroini, mahakama, ugomvi na Mick Jagger. Lakini katikati ya hayo, bila hata kubisha hodi, mzee anaanza kueleza gitaa. Anasimulia jinsi alivyouondoa uzi ule mzito wa sita, akazitega tano zilizobaki ili zikipigwa wazi zitoe mpatano mzima wa nota, na jinsi nyimbo nyingi za bendi yake zilivyozaliwa humo. Kurasa hizo ni hatari. Msomaji asiye mwangalifu anaweza kuazima gitaa la jirani, akauondoa uzi, na kuipoteza jioni nzima akipiga badala ya kubishana.

Hatua ya tatu: Ruka kurasa za kiwandani

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alitoa Iron Man mwaka 2011. Kuna kisa humo cha kuruka, na ili ujue unachokiruka ni bora nikieleze. Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham. Alikuwa amepata bendi ya kwenda nayo ziarani, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kazini. Mchana alirudi nyumbani kula, akataka asirudi tena. Mama yake akamwambia akaimalize siku yake. Akarudi, akawekwa kwenye mashine ambayo hakuizoea, nayo ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa shoto, mkono huo wa kulia ndio wa kubonyezea nyuzi.

Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, ambaye mkono wake uliungua kwa moto na akaendelea kupiga kwa vidole viwili. Kijana akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya kuvalisha vidole, akavigandishia ngozi ya koti kuukuu. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba. Baadaye akazilegeza, na kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 gitaa lilikuwa limeshushwa nusu-toni tatu. Ule mlio mzito, wa chini, unaokwenda kwa kukokota, ambao wapiga gitaa wa metali wameuiga tangu hapo, una asili yake katika zamu ya mchana na amri ya mama.

Ukikiruka hiki, usije ukaangukia vingine. Ozzy naye katika kitabu chake ana kurasa za machinjioni alikofanya kazi, za kiwanda alikoajiriwa kupima honi za magari zikilia siku nzima, na za jela aliyofungwa kwa wizi baada ya baba yake kukataa kumlipia faini. Rob Halford wa Judas Priest, katika Confess ya mwaka 2020, anasimulia utoto wake Walsall na moshi wa viwanda vya chuma alioupita akienda shule. Pia anasimulia miaka aliyoficha kwamba anapenda wanaume, mpaka alipotamka hadharani mwaka 1998. Lile vazi la ngozi na njumu za chuma ambalo mashabiki waliliona kuwa ndilo udume wenyewe, yeye alilinunua katika duka la wenzake mashoga mjini London. Mpiga besi wa Black Sabbath, Geezer Butler, naye aliongeza Into the Void mwaka 2023, habari ni za mitaa ya Aston, mjini Birmingham.

Umeona hatari. Ukivipanga vitabu hivi vinne utagundua kwamba wanaume waliokulia katika eneo moja la viwanda katikati ya Uingereza walikuwa wanaikimbia mashine ileile, na walipofika jukwaani wakawa wametoka nayo. Wazo hilo likishaingia, popo anapungua ukubwa. Vibaya zaidi, kijana yeyote aliyewahi kupiga zamu ya usiku kiwandani anaweza kudhani muziki huu unamhusu.

Hatua ya nne: Mwogope shetani kwa niaba ya wengine

Hakuna mjuzi wa metali asiye na sura ya shetani. Wengi wataanzia kwa wanamuziki. Wewe anzia kwa waliowaogopa. Mwaka 1985 wake za wanasiasa na matajiri wa Washington waliunda kikundi cha PMRC, mmoja wao akiwa Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore. Walitoa orodha ya nyimbo 15 chafu kupita zote. Humo mlikuwa na Black Sabbath, Judas Priest na Venom, na mlikuwa na Prince, Madonna na Cyndi Lauper. Ukitaka kujua metali inaanzia wapi na kuishia wapi, orodha hiyo haitakusaidia hata kidogo, na ndiyo raha yake.

Tarehe 19 Septemba mwaka huo Seneti ya Marekani ikaketi kusikiliza. Dee Snider wa Twisted Sister akaingia na jinzi yake na nywele zake, akatoa karatasi mfukoni, akazungumza kwa utaratibu uliowashangaza waliomwita. Wimbo wake mmoja ulishutumiwa kwamba unahusu mateso ya kingono. Yeye alieleza kwamba aliutunga juu ya hofu ya upasuaji, mwenzake alipokuwa anakwenda kufanyiwa operesheni ya koo. Miaka miwili baadaye Tipper Gore alitoa kitabu, Raising PG Kids in an X-Rated Society. Ninakipendekeza kwa dhati. Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno ya nyimbo hizi kwa makini kama mtu aliyekuja kuyashtaki, na hakuna aliyeyakosea kwa ufasaha zaidi. Kikundi chake ndicho kilichosababisha ile stika ya onyo kwa wazazi. Tangu siku hiyo kijana hakuhitaji mchambuzi wa kumwonyesha albamu za kuanzia.

Jihadhari usijue kwamba War Pigs ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, pamoja na wachawi wake wote, inawasema majenerali na wanasiasa wanaowapeleka maskini vitani. Jambo hilo hupunguza sana uwezo wa kuogopa.

Kisha kuna Norway na metali yake nyeusi. Kitabu kinachotajwa na kila mtu ni Lords of Chaos cha Michael Moynihan na Didrik Søderlind, kilichotoka mwaka 1998. Kina kanisa la mbao la Fantoft karibu na Bergen, lenye asili ya karne ya 12, lililoteketezwa Juni 1992. Kina mauaji ya Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem na mwenye duka la santuri mjini Oslo, Agosti 1993. Muuaji wake, Varg Vikernes, alihukumiwa miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa mengine, akatoka mwaka 2009. Wakosoaji wamemlaumu Moynihan kwa ukaribu wake na mrengo mkali wa kulia, na kwa kuwaachia wahalifu wajipambe wenyewe kwa maneno yao.

Ukimsikia mtu akisema kwamba mambo haya yalifanywa na vijana wachache mno, wengi wao wakiwa na umri wa kuwa bado kwa wazazi, na kwamba yuko Dayal Patterson aliyeandika mwaka 2013 kitabu kinene, Black Metal: Evolution of the Cult, kinachozungumzia bendi na albamu kuliko viberiti, ujue mtu huyo amesoma kweli. Badilisha meza.

Hatua ya tano: Nunua profesa mmoja, umweke panapoonekana

Nyumba ya mjuzi haikamiliki bila kitabu cha chuo kikuu. Deena Weinstein, mwanasosholojia wa Chicago, aliandika Heavy Metal: A Cultural Sociology mwaka 1991. Aliwachunguza wasanii, mashabiki na wafanyabiashara wa kati kwa adabu ileile ambayo wenzake wangewachunguzia waumini au wakulima. Keith Kahn-Harris, Mwingereza, alifuata mwaka 2007 na Extreme Metal, juu ya kona zile za mbali ambako hata wapenzi wa metali hupotea njia.

Anayetisha ni Robert Walser. Running with the Devil, cha mwaka 1993, kimeandikwa na mtu mwenye kujua kupiga. Anaweka nota karatasini na kuonyesha jinsi wapiga gitaa Eddie Van Halen, Randy Rhoads na Yngwie Malmsteen walivyochota kwa Bach, Vivaldi na Paganini, na kwamba vijana wenye nywele ndefu walikuwa wakifanya mazoezi ya saa nyingi kwa nidhamu ya wanafunzi wa chuo cha muziki. Kwa matumizi yetu, kiache wazi mezani penye nota. Mgeni akiuliza, jibu, "Nimefika kwenye Vivaldi." Usiketi na kitabu hicho karibu na spika. Walser anaandika kwa namna inayomfanya mtu atake kuhakiki asemalo, na kuhakiki ni kusikiliza.

Hatua ya sita: Gawanya, kisha ugawanye tena

Ujuzi wa metali hupimwa kwa idadi ya makundi unayoweza kuyataja bila kumeza mate: metali ya kasi, metali ya kifo, metali nyeusi, ya polepole ya huzuni, na kadhalika mpaka wasikilizaji wasinzie. Sound of the Beast cha Ian Christe, mwaka 2003, kinakupa historia nzima tangu Sabbath, na katikati ya masimulizi kinakuwekea orodha za albamu za kila kundi. Ni msingi mzuri mno kwa anayeanza, kwa hiyo usimtajie mtu kwamba ndiko ulikoyatoa.

Choosing Death cha Albert Mudrian, mwaka 2004, ni cha waliobobea. Kinaonyesha jinsi metali ya kifo ilivyokua kwa barua na kaseti zilizopita posta kati ya vijana wa Florida, Uingereza na Sweden, miaka ambayo redio hazikutaka kuwajua. John Peel wa BBC, mmoja wa watangazaji wachache waliozipiga bendi hizo hewani, alikiandikia dibaji. Miongoni mwa wahusika ni Napalm Death, ambao kwenye albamu yao ya mwaka 1987 wana wimbo unaochukua sekunde moja na kitu. Huo hata ukikufikia kwa bahati mbaya hutahesabiwa kuwa umevunja masharti ya mwongozo huu.

Ukitaka kuonekana bingwa kabisa, tafuta Rock Family Trees ya Pete Frame, Mwingereza aliyechora kwa mkono nasaba za bendi, nani alimfukuza nani na akaenda kuanzisha nini, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Na ukibanwa kwenye ubishi wa makundi, jifiche nyuma ya Lemmy wa Motörhead: mtu ambaye mashabiki wa metali walimfanya baba yao alishikilia mpaka mwisho, na katika White Line Fever ya mwaka 2002 anarudia, kwamba yeye alipiga roki na roli, basi. Hapo mbishi wako hana la kusema, na wewe huna la kufafanua.

Hatua ya saba: Shikilia kwamba ni muziki wa Wazungu

Sharti hili ni gumu kulitunza, kwa sababu vitabu vinalishambulia kila upande.

Usiguse Shout, Sister, Shout! cha Gayle Wald, cha mwaka 2007. Humo yumo Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, mwimbaji wa nyimbo za Injili, aliyepiga gitaa la umeme kwa ukali miaka kadhaa kabla ya Elvis Presley kuingia studio. Mwaka 1964 alipiga kwenye kituo cha treni kilichofungwa mjini Manchester, kwenye ubaridi na manyunyu, mbele ya vijana wa Kiingereza ambao kizazi chao ndicho kilichoenda kuunda hizi bendi tulizokwisha kuzitaja. Gitaa lake jeupe la siku za baadaye lilikuwa Gibson SG, aina ileile ambayo Iommi aliifanya kuwa alama yake. Ukumbi wa Heshima wa Roki ulimwingiza mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa kwake. Ukumbi huo, kama unavyoona, nao ulikuwa unafuata mwongozo huu.

Usiguse pia What Are You Doing Here? cha Laina Dawes wa Kanada, mwaka 2012. Anaeleza maisha ya mwanamke mweusi anayependa metali: ukumbini anaangaliwa na Wazungu kama aliyepotea, nyumbani anaangaliwa na wenzake kama aliyewakana. Jina la kitabu ni swali aliloulizwa na pande zote mbili.

Bara letu nalo lina mwandishi wake wa mbali. Edward Banchs, Mmarekani, alipita nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Botswana na Madagaska, akatoa Heavy Metal Africa mwaka 2016 na Scream for Me, Africa! mwaka 2022. Ukivisoma utajua habari za Botswana, ambako mashabiki huvaa mavazi ya ngozi na kofia za wachunga ng'ombe chini ya jua la Kalahari, na kuna bendi kama Wrust, Skinflint na Overthrust, baadhi zikiwa zimefika mpaka majukwaa ya Ulaya. Utajua kwamba Nairobi ina bendi zake za kelele za siku nyingi, na kwamba mwaka 2020 vijana wawili wa huko, Duma, walitoa albamu kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ambayo wachambuzi wa ng'ambo walishindwa kuipa kundi. Ukiuliza Zambia utaambiwa kwamba miaka ya 1970, penye migodi ya shaba, bendi ya W.I.T.C.H. ilikuwa ikijaza kumbi kwa gitaa lenye mikwaruzo. Viwanda Birmingham, migodi Zambia: unaona jinsi lile wazo la hatua ya tatu linavyorudi likiachiwa upenyo.

Na kuna la nyumbani zaidi. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasomeshwa shule ya bweni India, akahamia Uingereza na familia yake kufuatia Mapinduzi ya 1964, akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Hakuandika tawasifu kabla ya kufa mwaka 1991. Vitabu vilivyoandikwa juu yake vinajaza rafu, na tangu 2019 ana makumbusho Shangani ambako watalii hupiga picha mlangoni. Wajuzi watakuambia Queen si metali. Usiwaulize, basi, kwa nini Metallica walirekodi upya Stone Cold Crazy ya Queen ya mwaka 1974, wimbo wenye kasi ya kukimbiza mwizi, na kwa nini mwaka 1991 wakapewa nao tuzo ya Grammy katika kipengele cha metali. Ukiuliza itabidi mtu auweke wimbo, na wimbo ukishawekwa mjadala umekwisha.

Hatua ya nane: Vitabu vya kukaa navyo mbali

Kuna mfululizo wa vitabu vidogo uitwao 33 1/3, ulioanza mwaka 2003, ambao kila kitabu kinazungumzia albamu moja tu. Wazo lenyewe lina ubaya: kwa nini mtu akae na albamu moja wakati anaweza kutaja mia? Kibaya kuliko vyote kilitoka mwaka 2008 na mwandishi wake ni John Darnielle, ambaye mwenyewe ni mwanamuziki. Badala ya historia alitunga hadithi. Mwaka ni 1985, na kijana aliyelazwa kwa nguvu katika wodi ya wagonjwa wa akili huko California amenyang'anywa kaseti zake. Anapewa daftari aandike hisia zake. Anachoandika, siku baada ya siku, ni kumweleza mhudumu kwa nini anaitaka Master of Reality irudishwe.

Hana msamiati wa Walser. Hamjui popo, wala hajali bendi ilivunja hoteli ngapi. Ana hoja moja, nayo ni kwamba mle ndani ya gitaa lile lililoshushwa kuna mtu anayesema jambo ambalo yeye amekosa wa kumwambia. Anaieleza wimbo kwa wimbo, kwa hasira na kwa ucheshi, kwa mtu asiyetaka kusikiliza. Darnielle aliwahi kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali za magonjwa ya akili, na inaonekana. Ukikimaliza, mkono wako utakwenda kutafuta albamu hiyo kabla akili haijauzuia.

Ikitokea hivyo, umeshapotea, na kilichobaki ni kukupa utaratibu wa waliopotea. Soma Iommi huku Master of Reality ikipiga, na ukifika kiwandani usiruke. Soma Wald, kisha utafute picha za kituo kile cha Manchester umwone Rosetta akitoka kwenye kigari cha farasi na kwenda moja kwa moja kwenye gitaa. Soma Christe ukiwa na kalamu, uweke alama kwenye albamu tano tu, uzimalize hizo kwanza. Banchs msome mwisho, kwa sababu bendi zake nyingi zingali hai na unaweza kwenda kuzitazama.

The Dirt usikitolee pesa. Kiazime kwa mjuzi yeyote wa kijiweni. Hatakudai haraka, maana sehemu aliyoihitaji ameshaihifadhi kwa moyo.